Askari Niliyemlipa Ngazini

Watu wa kanisa walimchukia kijana wangu ju ya kitanda chake. Miye nilimchukia ju ya viatu vyake. Mniache niseme yote mawili, ju hapa Durban kila mtu anajifanya anajua nilikuwa upande gani, na wote wanadanganya.

Nilikuwa na meza yangu ya sombe, majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa kwetu, ku mlango wa saluni ya mpwa wangu, katikati ya mji, pale taxi zinapanga mstari na kupiga honi kama zimefiwa. Mpwa wangu alisuka ndani, miye niliuza nje, na wateja wakipungua niliingia kukaa ku kiti cha plastiki na kuwachekesha. Kuiga watu ndiyo shule yangu. Kusoma sijui, hata jina langu likipita mbele yangu silisalimii. Lakini nimsikilize mtu dakika mbili, nakutolea yeye mzima: kikohozi chake, uongo wake, namna anavuta suruali juu mbele ya kutaja neno la Mungu.

Sasa huyu kijana. Mama yake alikuwa rafiki yangu. Tulitoka wote wawili Uvira, miguu, malori, mabasi, mpaka tukafika hapa mwisho wa barabara, watu wa hapa ndiyo kwanza wamepiga kura yao. Mwenzangu akapata Mzulu mmoja mwenye meno mazuri. Yule Mzulu akamwachia tumbo, akaenda na meno yake. Kitu kimoja tu cha faida kilibaki: mtoto alizaliwa na haki ya kitambulisho cha hapa, kile kitabu cha kijani ambacho sisi wengine tunakiota kama nyama. Mtoto alipofika miaka sita mama yake akafariki. Nikamlea miye. Nilimpiga, nilimlisha, nilimwombea, nilimpiga tena.

Akafika miaka kumi na nane akaniambia, "Mama, naenda Gauteng kutafuta kazi." Nikamfungia chapati kwa safari. Kumbe ameenda jeshini. Alirudi kichwa kimenyolewa kama yai na shingo imenenepa. Walikuwa na sikukuu yao ya kumaliza mafunzo, wanatembea mistari mbele ya wazazi, akaniletea karatasi ya mwaliko. Nilifungia ndagala. Miaka miwili sikumpikia. Akija kunisalimia alikuja na nguo za kiraia, ju alinijua, na miye namwekea chai mezani, nageuza kiti, nakaa kuangalia ukuta.

Mnaniona mbaya. Ngojeni.

Ambaye hajapita bariere hajui kodi ni kitu gani. Kwetu bariere ni kamba. Kamba moja tu, wamefunga ku mti, na askari anakaa chini ya turubai na ncha yake mkononi kama anachunga mbuzi. Unatoka shambani na mikungu miwili ya ndizi mgongoni, mkanda wa mzigo unakukata paji la uso. Unafika, unapiga magoti. Unafungua fundo la kikwembe, unatoa franga, unazishika kwa mikono miwili, macho chini, unasema, "Shefu, pole na kazi." Pole na kazi! Mtu anakula jasho lako na weye unampa pole. Hakuna karatasi. Hakuna bei. Akiamka vibaya bei inapanda, akilewa inapanda, ukiwa bado msichana inapanda kabisa. Mbele kidogo, kamba ingine. Unafika ku soko na mkungu mmoja, na huo mmoja wamekwisha kuutoboa kuangalia kama umeficha kitu ndani.

Hao askari wote walipenda wanawake. Nawahakikishia. Walitupenda sana, na sisi ndiyo tulilipa. Mama ya huyu kijana alilipa ku bariere ya tatu. Walimpeleka nyuma ya turubai. Miye nilikaa na mizigo yake miwili na yangu miwili mpaka akarudi, na aliporudi alibeba mzigo wake, hakusema kitu, tukaenda kuuza ndizi. Sasa mtoto wa tumbo lake anavaa viatu kama vile, anavifunga kamba vizuri, anavipaka rangi mpaka vinang'aa, na miye nimpikie?

Kodi ya hapa ni ingine. Hii inakuchekea. Siku za kwanza nilikuwa najisifu hapa hatulipi kodi, hakuna kamba. Mtanzania wa duka la kona akanifungua macho. Huyu ni mtu wa Tanga, anaongea kama anakupaka mafuta. "Bibi yangu mpenzi, hebu nikuoneshe. Karatasi hii hapa chini, unaiona hii? Hii ndiyo kodi. Umenunua mkate mweupe, umelipa kodi. Ungenunua mkate wa brown, hulipi hata senti. Serikali imemwonea huruma maskini, bibi yangu, maskini ale brown." Nikamwambia, "Miaka yote hii nakula mweupe mbele ya macho yako na umenyamaza?" Akasema, "Bibi, mimi ni muuza mkate tu."

Nikakasirika siku mbili. Nani alikaa ku ofisi akasema mkate huu unalipa na ule haulipi? Maharage hayalipi, sabuni inalipa. Maana yake maskini ale lakini anuke. Mpwa wangu akaniambia hata vile vitambaa vya wasichana, vya kila mwezi, vinalipa. Ile nilijua mara moja iliamuliwa na mwanaume, na mwanaume mwenyewe hana dada. Ningepewa serikali siku moja tu, asubuhi mpaka saa kumi, ningetoa kodi ku sabuni, ku vitambaa na ku mkate mweupe, ningeiweka yote ku mabwawa ya kuogelea ya matajiri wa Westville na ku spika za makanisa. Halafu ningerudi ku meza yangu.

Lakini nitasema haki: kodi ya hapa ina karatasi. Inamkamata kila anayekula mkate mweupe, mwenye V8 na mwenye ndala, hapana kupiga magoti. Naichukia, lakini naichukia nikiwa nimesimama.

Sasa kitanda. Jeshi la hapa, mtu akiingia, wanampa karatasi: ukifa tumpigie nani? Kijana wangu akaandika jina la mwanaume. Ni nesi, Mzulu, anakaa Overport. Kuna mama wa kanisa letu ambaye mtoto wa dada yake yuko kambi ile ile, basi habari ikapanda basi ya kwanza kuja Durban. Jumapili watu walikuwa wananisalimia kwa ncha za vidole. Nikamwuliza mwenyewe alipokuja. Nilikuwa naangalia ukuta, nikauliza ukuta, "Ni kweli?" Nyuma yangu akajibu, "Ni kweli, Mama. Na jeshi linajua, na sheria ya hapa inaruhusu, nabeba bunduki kama wengine."

Sikufurahi. Siwadanganyi. Nilikaa na habari ile kama mwiba wa samaki kooni, nikameza ugali juu yake, nikameza tena. Lakini mwiba wa samaki unashuka. Viatu havikushuka. Nilifikiri: mtoto ananiambia "nabeba bunduki kama wengine" na anafikiri hilo ndilo neno la kunituliza.

Basi ilikuwa mchana mmoja, kombe la dunia limekwisha pita miaka mitano. Lift ya jengo letu ilikuwa imekufa, ile lift ilikuwa inakufa kila mwezi na kufufuka siku ya kulipa nyumba. Ngazi za jengo lile ni giza hata saa sita za mchana. Napanda na beseni tupu kichwani, goti linalia. Ghorofa ya tatu, kabla ya kuona mtu, nikaona viatu.

Vyeusi. Vimefungwa mpaka juu. Suruali ya madoa-madoa imeingizwa ndani.

Sikufikiri kitu. Mikono ilifanya kazi peke yake. Beseni nikalishusha, magoti yakakunjika, vidole vikaenda ku fundo la kikwembe, vikafungua, vikatoa noti. Nikaishika kwa mikono miwili, macho chini. Nikasema, "Shefu, pole na kazi."

Juu yangu nikasikia, "Mama."

Ilikuwa yeye. Alitoka kambi moja kwa moja, hakupita popote kubadilisha nguo. Alikaa chini ku ngazi, akajishika kichwa. Miye nimebaki pale, magoti nusu, na twenty rand yangu imenyoshwa mbele kama mtoto anayepeleka sadaka. Aibu ikageuka hasira, kwangu haichukui muda. Nikamwambia, "Pokea! Si ndiyo kazi yenu? Pokea basi, noti yenyewe si kubwa."

"Mama, wananituma kwetu."

"Kwetu wapi? Kwenu ni hapa."

"Congo. Mashariki. Na wale askari wa kulinda amani. Tunaondoka baada ya wiki tatu."

Noti ikaanguka. Hakuna aliyeiokota.

Kwetu, mtoto haendi safari ya mbali mkavu. Mzazi anajaza maji mdomoni, anampulizia ku kifua na ku viganja, anamwambia neno moja la kushika. Ni hivyo tu, lakini mtu asiyepuliziwa anatembea kama nyumba isiyo na mlango. Nilimfanyia siku ya shule ya kwanza, nilimfanyia alipokwenda Gauteng na chapati zangu na uongo wake. Sasa anaangalia vile viatu, anasema, "Nipulizie, Mama. Mama yangu angekuwapo angenipulizia."

Nikasema, "Mama yako angekupulizia mafuta ya moto."

Nilisema hivyo. Nikaokota noti yangu na beseni langu, nikapita kando yake kama anapita mtu kando ya mbwa. Nyuma nikamsikia, pole pole, "Basi nitaenda mkavu."

Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili Shemasi akaja ku saluni.

Huyu Shemasi wetu ni mtu wa kwetu, mnene, ana duka la simu mtaa wa pili, ana suti ya rangi ya divai, na kila sentensi anaianza kwa Kifaransa ili ipite mbele kama pikipiki ya rais. Saluni imejaa. Wamama wanne wa kanisa, wawili wako chini ya dryer, hawasikii lakini wanaangalia midomo.

"Donc, Mama," akaanza, akavuta suruali. "Tumesikia yule mtoto anatumwa kwetu. Écoutez bien. Watu wetu kule wamekwisha teswa vya kutosha. Sasa nchi hii inawapelekea mashoga na bunduki. Na ni kodi yetu, Mama! Kodi yetu sisi ndiyo inawanunulia zile bunduki!"

Mama mmoja akasema amina. Mtu wa kichwa nusu-suka, nusu-msitu, anasema amina.

Nikamwuliza, "Shemasi, kodi ya nani?"

"Yetu. Sisi wote."

"Miye nalipa ku mkate. Weye unalipa wapi?"

"Mama, miye ni mfanyabiashara..."

Nikasimama. Nikavuta kikwembe juu kama suruali. Nikatoa sauti yake, ile anayotumia dukani kwake wakati mteja anauliza risiti: "Ah, papa, ukitaka risiti bei inapanda, eh? Bila risiti nakufanyia ya ndugu. Sisi ni ndugu, ao?"

Saluni ikapasuka. Hata wale wa dryer walitoa vichwa. Mpwa wangu akaficha uso ku nywele za mteja. Shemasi akageuka rangi ya suti yake.

"Vraiment, Mama, unacheza na mambo ya Mungu."

"Hapana, nacheza na mambo ya weye. Unalilia kodi ambayo hujawahi kutoa. Kama kodi imenunua bunduki ya yule mtoto, ni mkate wangu mweupe umenunua. Kwa hiyo mwenye haki ya kumkasirikia ni miye peke yangu, na miye nimekwisha kasirika, sihitaji msaada."

"Askari ni mwanaume!" Sasa anapiga kelele. "Askari ni mwanaume kamili! Shoga hawezi kulinda mtu!"

Hapo nikaacha kucheka. Nikamsogelea mpaka nikasikia manukato yake.

"Shemasi, weye ulitoka kwetu na ndege. Sisi tulipita kamba. Wanaume kamili niliwaona. Walikuwa kamili mpaka wanazidi. Hawa wamama hapa, waulize. Mwulize kila mmoja, alilindwa namna gani na wanaume kamili."

Mmoja wa wale wamama, yule wa amina, akaangalia mikono yake. Kukawa na ile kelele ya dryer tu, vuuu, inapulizia kiti kitupu.

Shemasi akashusha sauti. Sauti ya chini ya huyu mtu ndiyo mbaya. "Mama, miye nimetumwa na komite. Ukimpulizia yule mtoto maji, wamama hawatakuja kwako tena. Si ku ugonjwa, si ku matanga. Utafutwa ku kitabu cha kanisa."

"Nani amekuambia nampulizia?" nikasema. "Toka. Unazuia mlango."

Akatoka. Na hapa msinipe sifa ambayo si yangu. Nilimpiga Shemasi kwa mdomo, ni kweli, lakini jioni nilikuwa bado nimemkatalia kijana. Kumchukia Shemasi hakunifanya nipende viatu. Tena nilichukia zaidi, ju sasa nilikuwa upande mmoja na yule suti.

Siku tatu kabla ya safari akaja yule nesi. Nilikuwa mezani, nafunga sombe mafungu. Naona kigari kidogo chekundu kinapaki vibaya, mbele kabisa ya taxi, dereva wa taxi anamtukana mama yake mpaka bibi yake, naye anainamisha kichwa, anasema "Sorry, baba, sorry." Mrefu, mwembamba, na viatu vyeupe vya hospitali. Anasimama mbele ya sombe yangu kama anasimama mbele ya hakimu.

"Gogo," akasema, ndiyo bibi kwa Kizulu. Halafu akatoa Kiswahili ambacho kijana wangu alimfundisha, maskini, neno moja-moja, kama mtu anavuka mto juu ya mawe: "Gogo. Mimi. Nakuja. Omba."

"Unaomba nini? Sombe ni ten rand fungu."

Akanunua sombe. Mafungu matatu! Hajui hata kuipika. Akasimama nayo. Nikamwangalia vizuri, juu mpaka chini, nilitaka kumpata kosa, nikampata mengi, lakini yote yalikuwa madogo.

Akaongea sasa kwa Kizulu na Kizungu, na Kizulu cha soko nakisikia. Akasema kijana halali usiku. Anakaa ku kitanda, anajishika kifua pale, anasema, nitaenda mkavu, nitarudi ku sanduku. Akasema, "Miye namwambia ni maji tu, Gogo. Ananiambia, hujui."

"Hujui," nikasema.

"Eish, sijui," akasema.

Nikamwuliza kile ambacho nilikuwa nataka kumwuliza mtu tangu miaka miwili. "Weye ndiye unalala naye. Kwa nini ulimruhusu avae vile viatu?"

Akanikazia macho kwa mara ya kwanza, na alikuwa na hasira, hasira nzuri, ya kweli. Akasema, "Gogo, navichukia. Kila siku namwambia toka. Akija kwangu anavivua nje, ku mlango, havijawahi kuingia nyumba yangu."

Mtu mmoja tu katika Durban nzima alichukia kile ninachochukia miye, na Mungu, kwa utani wake, amemweka ku kitanda kile. Nikamwongezea fungu la nne la sombe. Nikamwambia, "Chemsha kabisa, la sivyo itakuharibu tumbo. Na mwambie aje siku ya kuondoka, asubuhi, hapa. Avae vyote. Nataka kumwona navyo vyote."

Alikuja saa mbili za asubuhi. Jumamosi, saluni imejaa kuliko sokoni, na nilijua. Nilitaka iwe imejaa. Wamama wa kanisa walikuwapo na vichwa vyao, hakuna anayeweza kukimbia na nywele nusu. Akasimama mlangoni amevaa yote, mkoba mgongoni, kofia imekunjwa ku bega. Vichwa vyote vikageuka. Magoti yangu yakaanza ile kazi yao, nikayakataza.

Nikamwambia, "Vua viatu."

"Mama?"

"Hujasikia? Vua. Na soksi."

Akakaa chini ku sakafu, kati ya nywele zilizokatwa, akafungua zile kamba ndefu. Ilichukua muda. Mpwa wangu alizima dryer moja, halafu ya pili. Akasimama miguu mitupu. Miguu ya mama yake ile ile, kidole cha pili kirefu kuliko kile kikubwa. Niliisahau ile miguu.

Nikajaza maji mdomoni. Mama wa amina akasema, "Dada, usifanye. Dada, kitabu." Nikamwangalia na mashavu yangu yaliyojaa, halafu nikampulizia kijana ku kifua, juu ya nguo ya serikali, maji yakatua ku vifungo. Nikampulizia ku viganja.

Neno la kushika nilikuwa nimelitafuta usiku kucha, likaja lingine. "Mama akikupigia magoti barabarani, mikono miwili, na franga, usiguse. Ni mama yako. Sisemi ni kama mama yako. Ni mama yako."

Akasema, "Ndiyo, Mama." Akavaa viatu vyake. Siku ile vilikuwa bado ni vibaya, na leo ni vibaya. Yule nesi alikuwa nje ku kigari chake, anatukanwa tena na taxi.

Jumapili iliyofuata komite ilinifuta ku kitabu. Mpwa wangu alirudi kutoka ibada analia. Nikamwuliza, walifuta na nini? Akasema, na kalamu nyekundu, mstari mmoja. Nikamwambia basi nyamaza, lile jina sikuwahi kulitambua lilipokuwa zima. Lakini ukweli ni kwamba nilikaa siku nyingi nafikiri nani atanifunga kitambaa cha kidevu siku yangu ya kufa. Bado nafikiri. Shemasi akipita ku meza anaangalia robot, zile taa za barabarani, hata kama iko nyekundu anaiangalia kama ndugu yake.

Mwezi wa pili tangu aondoke, kijana akapiga simu. Line inakatika, kuna upepo, kuna jogoo. Jogoo wa kwetu, nilimjua.

"Mama, leo mama mmoja amenipigia magoti."

Nikakaa chini.

"Sikumwomba kitu, Mama. Tunasimama tu ku barabara, hatuna hata kamba. Ametua ndizi zake, ametoa franga, mikono miwili. Amesema ile ile. Pole na kazi."

"Umefanya nini?"

"Nimemrudishia. Nimemwambia hapana, mama, shika franga yako, pita." Sauti yake ikaanza kuvunjika. "Amekimbia. Ameacha ndizi. Amefikiri nimekataa ju ni kidogo. Amefikiri nataka kitu kingine. Nilimwita, akazidi kukimbia."

Nilijiona mjinga kuliko siku zote. Neno langu la kushika, nililolipulizia na maji, lilimkimbiza mwanamke porini. Ningekuwa miye, ku bariere ya tatu, askari akarudisha franga yangu, ningekimbia vile vile, ndizi ningeziacha.

"Sikiliza," nikasema. "Sikiliza vizuri, kabla line haijakatika. Zile ndizi ziko wapi?"

"Hapa. Ku miguu yangu. Hakuna aliyezigusa."

"Atarudi kuziangalia. Kesho ao kesho kutwa, atatuma macho kwanza. Akija, usimsogelee. Vua kofia, kaa chini. Chini kabisa, ku udongo, yeye abaki amesimama. Mwulize bei ya ndizi. Akitaja, punguza kidogo, ukilipa haraka ataogopa. Halafu lipa. Na mikono miwili, weye, unasikia? Mikono yako miwili."

"Na nimwambie nini?"

"Mwambie pole na kazi."

Line ikakatika. Nilikaa na simu ku sikio bado, mpwa wangu ananiuliza anasema nini, anasema nini, na miye namwambia nyamaza, mteja anakungoja. Wiki mbili nilikuwa nauza sombe vibaya, narudisha chenji mbaya, namjibu kila mtu ovyo, hata Mtanzania nilimtukania mkate wake. Halafu kijana akapiga tena, na hakunipa hata salamu.

"Ghali, Mama," akasema, "yule mama anauza ghali."